Mafuta ya Cherehani kwenye Gari la Mushi

Vijana wangu, nimewaona mnavyokagua gari siku hizi. Mnachomeka waya chini ya usukani, kioo kinawatajia ugonjwa, nanyi mnatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa majibu ya maabara. Siwacheki. Ningekuwa na kifaa hicho enzi zangu, aibu nyingi zingenipitia kando. Nawaomba jambo moja tu: mkishamaliza kusoma kioo, inueni zulia mnuse.

Mimi kunusa nilifundishwa na mwalimu wa shule ya msingi. Alinichukua nimkagulie gari dogo lililopakwa rangi upya, linang'aa hadi unajiona meno. Nikasikiliza injini, nikapiga teke magurudumu kama nilivyoona wakubwa wakifanya, nikamwambia nunua. Baada ya wiki mbili alirudi. Gari lilikuwa limelala siku tatu ndani ya maji ya mafuriko pale Jangwani kabla ya kupakwa ile rangi, na joto lilipozidi, tope lililojificha ndani ya viti likaanza kusema. Mwalimu hakunitukana. Aliliegesha juani katikati ya uwanja wa gereji, akanifungulia mlango, akaniomba niketi ndani saa nzima, yeye akakaa kivulini akinitazama. Nikaketi. Tangu siku ile sijawahi kumwambia mtu anunue gari kabla sijainua zulia.

Kulikuwa na hila nyingine ya ndizi. Difu, lile bonge la meno kwenye ekseli ya nyuma, ikilia sana, muuzaji mjanja alikuwa akitumbukiza ndizi mbivu humo ndani, zinasagika, meno yananyamaza kwa siku tatu nne. Ukifungua kifuniko cha difu ukasikia harufu ya pombe, rudi nyumbani kwako. Haya hayamo kwenye kile kioo chenu.

Kazi hii ya kukagua ilitokana na hali ya wakati ule. Gari jipya mtu binafsi hakulipata hivihivi, lilitaka vibali na kujuana. Lililobaki ni magari ya wageni waliomaliza muda wao na kurudi kwao. Mgeni akitangaza kuuza, habari ilifika Kariakoo kabla hajafunga masanduku, na mwenye kutaka kununua alikuja kumtafuta fundi wa kwenda naye. Mara nyingi fundi huyo nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa na mdomo. Waliokuwa na ujuzi walikuwa kimya, na watu huamini mdomo.

Mwenye ujuzi alikuwa Fundi Chilumba, mkubwa wetu pale uwanjani Gerezani. Mzee wa Newala, mfupi, mpole, koti la kazi limepauka hadi hujui lilianza na rangi gani. Mfukoni mwa koti hilo alitembea na bilauri ya chai iliyomeguka mdomo. Kabla ya kumimina kitu chochote ndani ya gari asilolijua, alichota kidogo cha zamani na kidogo cha kipya, akavichanganya ndani ya bilauri, akaiweka juu ya boneti, kisha akaenda kunywa chai. Akirudi ndipo anaamua. Sisi tuliona anapoteza muda. Yeye alisema gari usilolijua ulisalimie kwanza. Nilifanya naye kazi miaka kumi na moja nikidhani ile ni tabia ya uzee.

Sasa niwaambie habari za Mushi na mkewe, maana ndizo zilizonikalisha niandike.

Walikuwa na duka la vifaa vya ushonaji Mtaa wa Sikukuu: nyuzi, vifungo, sindano, zipu, mikanda ya cherehani, na mafuta yake yale meupe ya kwenye vichupa vidogo. Wachaga wa Machame. Mimi ni Mpare wa Usangi, kwa hiyo ninyi mnaojua mambo hamhitaji kuelezwa. Tulikuwa watani. Kila asubuhi nikienda kazini nilipita pale kupewa matusi yangu na kuacha ya kwangu. Mushi aliwaambia wateja wajihadhari, Mpare akikanyagwa mguu huuza ng'ombe ili afungue kesi. Mimi niliwaambia kwamba Mushi amefundisha watoto wake kuhesabu kabla ya kuwafundisha kusema baba. Mkewe, Mama Ndeshi, ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote wawili. Alikuwa akinikaribisha kwa heshima zote, ananipa kigoda, kisha anauliza kama nimekuja kununua sindano au kuikodi.

Lakini mama huyo alikuwa na jambo moja ambalo Kariakoo nzima ilimheshimu nalo. Siku zile bidhaa zilikuwa za kuwinda. Boksi la nyuzi likija, wengine walilisukuma chini ya kaunta kumsubiri mwenye bei nzuri. Mama Ndeshi alituma watu kwenye mabaraza, mafundi cherehani wakaja, akawagawia sawa kwa sawa mbele ya macho yao. Boksi la mwisho la mafuta ya cherehani alilopata aliligawa hivyohivyo, kichupa kimoja kimoja, mwenye cherehani tatu na mwenye moja wote sawa. Wa cherehani tatu walinung'unika. Aliwaambia wapokezane, kichupa cha mmoja kiishe ndipo kifunguliwe cha mwenzake.

Kisha alianguka. Alipanda ngazi kushusha makasha ya vifungo, ngazi ikateleza, akashukia mgongo. Alikaa hospitali wiki nyingi, akarudi nyumbani akiwa mtu wa kulala. Aliweza kusimama kidogo, akaweza kutembea hatua chache akishikilia ukuta, lakini kuketi hakuweza. Akiketi muda mfupi tu, jasho linamtoka na midomo inakuwa myeupe. Mushi alimtengenezea kitanda nyuma ya kaunta, na kutoka pale aliendelea kuendesha duka na kunitukana. Sisi tuliona amezoea. Hatukuuliza zaidi.

Jumapili moja asubuhi Mushi alinijia nyumbani amevaa suti. Alitaka nikamkagulie gari, tena haraka, kwa sababu Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani, kwa ajili ya kubana mafuta. Nikavaa viatu.

Lilikuwa gari la Kifaransa, steshenwagoni, la mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Sijapata kuona kitu kama kile. Refu, rangi ya krimu, viti vya ngozi, zulia la kuzamisha kidole, saa kama ya ukutani imefinywa ikawekwa mbele ya dereva. Viti vya nyuma vilikunjwa vikatokomea, ikabaki sakafu tambarare ya kumlaza mtu mzima akajinyoosha. Nikainua zulia, nikanusa, safi. Nikafungua difu — nasema difu, nilitafuta difu nisiione, gari lile lilivutwa na magurudumu ya mbele. Hapo nikaanza kukasirika.

Mwenye gari akaliwasha. Vijana, gari lile lilikuwa limelala tumbo chini karibu na ardhi. Injini iliponguruma, kwanza likainua matako, kisha likainua kifua, likasimama. Nilirudi nyuma hatua tatu. Mwenyewe akacheka, akatuonyesha wenzo mdogo karibu na miguu ya dereva: ukiusogeza huku gari linapanda, ukiusogeza kule linashuka. Nilipofungua boneti sikuona springi wala shokomzoba. Niliona mipira ya chuma na mabomba mengi mno, na yote yalinywa kutoka kwenye chombo kimoja chenye mafuta ya kijani. Mafuta hayohayo yalibeba gari, yakafunga breki, yakageuza usukani.

Nilimvuta Mushi pembeni nikamwambia ukweli wangu wote. "Mtani, hili usinunue. Silijui, na hapa mjini sijui fundi anayelijua. Siku likikupigia magoti Segera, litabaki hapohapo."

Mushi alicheka akanipiga begani. Akasema Mpare akimkataza Mchaga kununua kitu, basi kitu hicho ni kizuri. Nikamwambia sitanii. Akacheka zaidi, maana hilo nalo nilikuwa nimemwambia mara mia nikiwa natania. Akalinunua, tukaingia nalo Kariakoo saa saba na nusu, watu wote wakiwa mabarazani.

Shikeni hili, kwa kuwa sijalisikia likisemwa na mwalimu yeyote wa ufundi. Ukiwa na jambo zito la kumwambia mtani wako, usilibebe wewe. Mtume mtu wa tatu. Ulimi wako kwake umeshazoeleka, hata ukilia atakuuliza hicho kilio umekikodi wapi.

Mtaa wa Sikukuu ulilipokea gari lile kwa maneno. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Pazi, fundi cherehani, mtu mnyoofu aliyechukia anasa kwa moyo wake wote. Alikwenda dukani akamuuliza Mushi, kwa upole lakini mbele za watu, ndugu yetu, wenzio wanapanga foleni ya sukari, gari la viti vya ngozi la nini. Mushi alijibu kwamba swali hilo bado analifikiria. Jibu hilo halikumsaidia. Wale waliokuwa wakikaa kulitazama likizimwa na kushuka taratibu walisema sasa hata magari ya mabepari yanawapigia magoti wafanyakazi. Nami nilikuwa wa kwanza kulisambaza hilo. Nilikuwa nimedharauliwa ushauri wangu, na mtu mwenye mdomo akidharauliwa huutumia.

Ikapita miezi miwili hivi. Jumatatu moja Mushi aliingiza gari gerejini, akanisogeza hadi kwenye ukuta. Binti yao Ndeshi, mwalimu kule Machame, alikuwa anaolewa Jumamosi ile. Matangazo yalishasomwa kanisani mara tatu. Daktari alisema mama anaweza kusafiri kwa sharti moja, alale bapa na asitikiswe. Basi lilikuwa haliwezekani. Treni siku hizo ilisimama porini ikijifikiria, na hata ingefika Moshi kungebaki kupanda mlima kwa lori. Mushi alikuwa amezunguka mji miezi mingi akitafuta gari la kumlaza mkewe asisikie mashimo, na mgeni mmoja akamwambia liko moja tu.

"Sikutaka watu wamhurumie," alisema. "Anasema akihurumiwa anaumwa zaidi. Wewe nitazamie tu kama liko sawa, Alhamisi tuondoke."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilikumbuka kila kichekesho nilichokisambaza. Nilimwambia niachie, nenda ukalale, na nilimaanisha kumpa kazi ambayo hajawahi kufanyiwa mtu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Niliona chombo cha yale mafuta ya kijani kimepungua. Fundi Chilumba alikuwa msibani Buguruni. Wenzangu wa gereji walinizunguka, wakaniuliza, fundi, hapa inaingia nini. Mtu aliyekwisha kumwambia nusu ya Kariakoo kwamba gari hili ni bure asingekubali kusema sijui. Nikafikiri hivi: mafuta haya yanafunga breki, basi ni mafuta ya breki. Nilikuwa na kopo moja nililolihifadhi kama dhahabu. Nikamimina lote. Nikaliwasha, likainuka vizuri, wenzangu wakanipigia makofi, nikalizungusha hadi Msimbazi na kurudi.

Jumanne asubuhi halikuinuka. Liliunguruma, likatetemeka, likabaki tumbo chini. Kwenye maungio ya mabomba kulikuwa na povu.

Fundi Chilumba aliporudi kutoka msibani alichota mafuta ya kijani yaliyokuwa yamebaki kwenye bomba moja la mbali, akaongeza tone la mafuta ya breki kutoka kwenye kopo langu, akatikisa bilauri, akaiweka juu ya boneti. Akaenda kunywa chai. Aliporudi, ya kijani yalikuwa juu, ya breki chini, katikati mstari.

"Haya," akasema, "sasa mmesalimiana."

Akanieleza kwamba mafuta yangu yanakula mipira ya kuzibia iliyo ndani ya mabomba ya gari lile, na kila saa inayopita inahesabika. Lazima lioshwe lote leo, kisha lipewe mafuta ya jamii yake. Tuliyatafuta mafuta ya kijani mji mzima hadi bandarini. Hakuna aliyekuwa nayo, na wengi hawakujua tunazungumzia nini.

Ikabidi niende Mtaa wa Sikukuu. Mama Ndeshi alikuwa amelala nyuma ya kaunta, na kando yake kitenge kipya kimekunjwa na viatu vyeupe juu yake. Aliponiona akauliza kama Mpare amekuja kudai nauli ya kutusindikiza kwa macho. Nikasema Mama Ndeshi, nimeliharibu gari. Akacheka. Nikarudia. Alicheka tena, akamwita mumewe aje asikie. Mushi alinitazama usoni, na yeye hakucheka, na mama alipoona mumewe hacheki akanyamaza.

Hawakunigombeza. Mushi aliketi juu ya kasha akawa anatazama mikono yake. Mama Ndeshi aliuliza zimebaki siku ngapi, nikasema nne ukihesabu na leo, akageukia ukutani. Nimepigwa na wateja katika kazi hii, nimefukuzwa, niliwahi kumwagiwa maji ya rejeta. Hakuna kilichoniuma kama ule mgongo wake.

Nilipomrudia Fundi Chilumba nilimkuta amepanga bilauri sita za mama lishe juu ya benchi. Katika kila moja kulikuwa na yale ya kijani kidogo na kitu kingine kilichopatikana Kariakoo. Akanionyesha moja moja. Mafuta ya kula yalichanganyika, lakini akasema yakipata moto yataganda kama gundi. Oili ya injini nzito mno kwa mabomba membamba vile. Mafuta ya taa mepesi, yangevuja. Bilauri ya mwisho ilikuwa imetulia, rangi moja juu hadi chini. Akachovya kidole akanipaka mkononi. Yaliteleza sawasawa na yale ya kijani.

"Ya cherehani," akasema. "Tutahitaji lita saba, na ya kuoshea."

Vijana, vichupa vile vilikuwa havijazi kikombe. Na duka lililokuwa likiviuza lilikuwa la mama yuleyule, na vya mwisho alishavigawa.

Baraza la kwanza nililokwenda lilikuwa la Mzee Pazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza shida. Akacheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. Mpare anaomba mafuta ya cherehani ampe Mchaga ayatie kwenye gari la anasa. Akawaita majirani waje wasikie utani wa mwaka. Nikaapa. Wakacheka zaidi. Nilisimama pale nikiwa na debe tupu mkononi, na nilichokuwa nimekivuna kilikuwa changu mwenyewe.

Fundi Chilumba alikuwa nyuma yangu. Mtu wa Newala, hakuwa mtani wa yeyote pale, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alivua kofia.

"Mzee Pazi, huyu hatanii. Mama Ndeshi anamuozesha binti yake Jumamosi huko kwao, na hawezi kuketi. Gari lile alinunuliwa alale humo njiani. Sisi ndio tulioliharibu."

Alisema sisi. Mimi ndiye niliyeharibu, yeye akasema sisi. Nimezeeka na bado nalikumbuka neno hilo.

Mzee Pazi akafungua mtoto wa meza wa cherehani yake, akatoa kichupa, akakitazama mwangani kuona kimebaki kiasi gani, akakimimina chote ndani ya debe langu. Akachukua na kikopo cha kutilia mafuta chenye mdomo mrefu, nacho akakikamua hadi tone la mwisho. "Alinigawia mwenyewe," akasema. Akalikunja shati alilokuwa akishona, akavaa kanzu yake na kofia, akatangulia mbele yetu kwenda baraza la pili. Hapo sikufungua mdomo. Aliyezungumza ni balozi.

Tulipita Sikukuu, tukapita Nyamwezi, tukapita Mchikichi. Baada ya hapo hatukuhitaji kupita tena, mafundi walikuja wenyewe gerejini wameshika vichupa. Aliyekuwa na kijiko alileta kijiko. Fundi mmoja alileta kitambaa cha bafta tuchujie. Mmoja wa wale wa cherehani tatu alikuja mwisho, akasema kwamba yeye alipokezana kama alivyoambiwa, na akatoa chupa ambayo haijafunguliwa. Alasiri ile Kariakoo ilikuwa kimya kwa namna ambayo sijaisikia tena, maana cherehani kavu haziendeshwi.

Tuliosha mabomba yote, tukamwaga, tukaosha tena. Mpira mmoja wa kuzibia ulikuwa umevimba, Fundi Chilumba akachonga mwingine kwa wembe kutoka kwenye kandambili, kazi ya asubuhi nzima. Jumatano jioni tulilijaza. Niliketi kwenye usukani, nikawasha, tukasubiri. Mafundi cherehani walikuwa wamejaa uwanjani, Mushi amesimama katikati yao na hakuna aliyemtania. Muda ulipita, nikaanza kuomba kwa Kipare. Kisha nikahisi kiti kinanisukuma kutoka nyuma. Gari likainua matako, likainua kifua, likasimama.

Alhamisi alfajiri tukaondoka, mimi naendesha, Mushi pembeni yangu, mama amelazwa nyuma juu ya godoro. Fundi Chilumba hakutaka kuja. Alinipa ile bilauri niweke mfukoni, akasema nikisimama njiani nitazame mafuta kabla ya kutazama chakula. Barabara ya Segera ilikuwa na mashimo ya kufugia bata. Mimi niliyaona, usukani uliniambia, lakini nikitazama kwenye kioo namuona Mama Ndeshi ametulia. Tangu Mombo alilala usingizi kabisa. Aliamka tulipofika Same, akauliza tuko wapi, nikamwambia kwetu. Akasema basi ongeza mwendo, tusije tukafunguliwa kesi ya kutimua vumbi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake.

Jumamosi nililiegesha kwenye nyasi mbele ya kanisa. Vijana wa ukoo walikuja na kitanda cha kamba wambebe mama yao. Mama Ndeshi alikataa. Alisema hawezi kuingia kwenye harusi ya mwanawe akiwa amebebwa kama gunia la kahawa. Wakabishana kwa Kichaga, Mushi akiwa katikati, na kengele imeanza kulia. Tatizo lilikuwa kushuka. Angeweza kusimama, angeweza hatua zake chache, lakini kujivuta kutoka juu kule hadi chini mgongo usingekubali.

Nikakumbuka ule wenzo. Sikuuliza mtu. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaenda kwa dereva, nikausogeza.

Gari likatoa pumzi. Likashuka nyuma, likashuka mbele, polepole, hadi tumbo likagusa nyasi. Vijana wakaweka kitanda cha kamba chini. Mama Ndeshi akajisogeza, miguu yake yenye viatu vyeupe ikafika chini bila kuruka wala kuvutwa. Ndeshi akaja na shela lake, akampa mkono. Mama akasimama.

Alipiga hatua mbili, akasita mbele yangu. Nilijiandaa. Nilikuwa nimeshatayarisha na jibu, kwa kuwa ni dhambi kumwacha Mchaga akawa na neno la mwisho. Alikuwa ananitazama na macho yamejaa.

"Ahsante, fundi," akasema.

Miaka yote ile hakuwahi kuniita hivyo. Nilikuwa mtani, nilikuwa Mpare, nilikuwa mkodi sindano. Lile jibu nililiacha, nikashika mlango wa gari nikatazama nyasi mpaka alipoingia kanisani kwa miguu yake.

Waliokuwa wakiniita fundi kabla ya siku ile walikuwa wengi, nami niliitika. Mkiniuliza nilianza kazi lini, nahesabu kuanzia pale.